Kungoja Nako ni Kazi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yatokapo, miji yetu ya Butembo na Beni hujaa shangwe. Vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akina mama hupiga vigelegele, na jirani huja kumpa mkono baba wa mtoto. Furaha hiyo ni ya haki. Mtihani huo, ambao nchi yetu inao tangu mwaka 1967, si mchezo, na mtu aliyepita asilimia 50 ametoka jasho. Lakini poda haijafutika usoni, na swali jingine limekwisha kuingia nyumbani: Sasa atasoma wapi, na kwa fedha ya nani?

Hapo ndipo unapoanza wakati mgumu usio na jina. Kijana ameomba nafasi katika kitivo cha utabibu, naye amejibiwa kwamba jina lake limo katika orodha ya wanaongoja. Ameandika barua parokiani, ameandika kwa shirika fulani, ameandika kwa mjomba aliye Ulaya. Wote wamemjibu neno moja: “Tutaangalia.” Si ndiyo, wala si hapana. Masomo yataanza baada ya majuma machache. Je, afanye nini? Na baba yake, mwenye shamba moja la kahawa, afanye nini?

Watu wengi wadhani kwamba hayo ni mambo ya bahati na ya fedha tu. Sivyo. Ni mambo ya haki pia. Maana shaka ina gharama yake kama vile chakula kilivyo na bei yake, na gharama hiyo sharti mtu ailipe. Hatuulizi tu kama kijana atapata nafasi au hatapata. Twauliza: Wakati jibu halijaja, nani analipa? Na je, aliulizwa?

Zamani na sasa

Yafaa tukumbuke kwanza tulikotoka. Kabla ya mwaka 1954 hapakuwa na Chuo Kikuu katika Kongo. Mwaka huo ulifunguliwa Lovanium, karibu na mji wa Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo; na mwaka 1956 kikafuata chuo cha Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1960, wanafunzi wa vyuo hivyo walisaidiwa na Serikali. Waliopokelewa walikuwa wachache, lakini mwenye kupokelewa alijua atalala wapi na atakula nini. Baadaye msaada huo ulipungua, na katika taabu za miaka ya 1990 ukatoweka kwa walio wengi. Hata mishahara ya walimu wa shule za chini ikawa mzigo wa wazazi. Mwaka 2019 Serikali ilianza kuwaondolea wazazi karo ya shule za msingi za umma. Ni jambo kubwa, lakini msaada huo waishia katika shule ya msingi. Mtoto wa sekondari na wa Chuo Kikuu bado autegemea mfuko wa mzazi wake.

Kwetu, mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa Butembo. Kabla ya hapo mtoto wa Beni au wa Lubero aliyetaka masomo ya juu alikwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, mbali na wazazi na mbali na shamba. Chuo hicho kimefupisha safari. Hakikuweza kuondoa gharama. Na fedha ya kulipa gharama hiyo, kwa walio wengi, hutoka ardhini: kahawa, kakao, vanila, maharagwe, viazi. Tena bei za mazao hupanda na kushuka bila kutuuliza. Tangu mwaka 2014, kwa ajili ya mauaji katika wilaya ya Beni, wakulima wengi wanayaogopa mashamba yao wenyewe; kakao yaiva, na mwenyewe hathubutu kwenda kuivuna. Basi baba aliyesema mwezi wa Januari, “Nitalipa,” huenda mwezi wa Oktoba hana kitu, naye si mwongo.

Wala si sisi peke yetu. Huko Tanzania iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Nayo hutangaza majina awamu kwa awamu; mtu aweza kuwa na nafasi ya chuo mkononi, huku akingoja kuona kama jina lake litatokea katika awamu ya pili au ya tatu. Na huko Marekani, nchi ya matajiri, vyuo vingi huwataka vijana wajibu kabla ya tarehe 1 Mei; ndipo wale wa orodha ya kungoja huitwa, kadiri ya nafasi zilizoachwa na wengine. Tena mara nyingi mtu huitwa wakati fedha za msaada zimekwisha kugawanywa. Amepewa kiti, lakini hakupewa mkate.

Tumaini ni nini?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba kitu tunachokitumaini kina alama nne: ni chema, ni cha wakati ujao, ni kigumu kukipata, nacho chawezekana. Ondoa moja, na tumaini si tumaini tena. Kama si kigumu, hapana haja ya kutumaini. Wakingoja tu, kama unavyongoja asubuhi ifike. Kama hakiwezekani, ni ndoto.

Kwa hiyo mtu aweza kukosea kwa upande huu na kwa upande huu. Upande wa kwanza ni kukata tamaa. Kijana asiyejibiwa kwa miezi miwili asema, “Mambo ya wakubwa, sisi maskini hatumo.” Huyo asahau kwamba jambo lawezekana. Ataanza kukaa njia panda tangu asubuhi, na njia panda za nchi yetu zina watu wanaotafuta vijana waliokata tamaa, wakawape bunduki. Upande wa pili ni kutumaini ovyo. Huyu asahau kwamba jambo ni gumu. Jina lake limo katika orodha ya wanaongoja tu, naye amekwisha kushona koti jeupe la mganga, na baba yake amekwisha kutia sahihi deni. Wahenga walituonya: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kati ya makosa hayo mawili ndipo yalipo tumaini la kweli. Nalo lina macho: latazama lililo hakika, latazama lisilo hakika, wala halichanganyi mawili hayo.

Nani analipa?

Tuitazame nyumba moja ya mfano, nawe msomaji utasema kama hujapata kuona nyumba ya namna hiyo. Chuo kimechelewa kutoa jibu. Mfadhili amechelewa kutuma fedha. Kila mmoja ana sababu zake. Kuchelewa kwao hakupotei hewani. Kwaingia katika nyumba ya kijana. Baba akopa, ili sehemu ya kwanza ya karo ilipwe kabla ya wakati kwisha. Deni lahitaji kulipwa, basi mama atoa fedha alizokuwa akinunulia bidhaa zake za sokoni. Biashara ya mama yapungua, basi yule binti anayefuata, aliye katika mwaka wa nne wa sekondari, aambiwa: “Wewe ngoja mwaka huu, kaka yako kwanza.” Mwaka huo wawa miwili, na miwili yawa ndoa.

Basi aliyelipa gharama ya shaka ni nani? Si chuo. Si mfadhili. Wala si yule kijana, maana yeye yuko darasani. Amelipa binti, aliye mdogo kuliko wote na mwenye sauti ndogo kuliko zote. Tena hakuna aliyemwuliza. Gharama ya shaka hufanya kama maji: huteremka mpaka kwa aliye chini.

Hapo twaweza kusema kanuni moja. Hatari unayoichagua mwenyewe, ukijua, yaweza kuwa ushujaa. Hatari unayomtwika mwingine bila kumwuliza ni dhuluma, hata kama wewe waiita tumaini.

Mtu atajibu: “Kama kila mmoja angeogopa kuwatwika wengine, nani angesoma? Wasomi wetu wote walibebwa na ukoo mzima.” Jibu hilo lina nguvu, wala hatulidharau. Tutazame mfano mmoja mashuhuri wa nchi jirani. Mwaka 1959 vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi, na hata misaada ya masomo, katika vyuo vya Marekani, lakini hawakuwa na nauli ya kuvuka bahari. Mlango ulikuwa wazi, na miguu haikuweza kuufikia. Bwana Tom Mboya alitafuta marafiki huko Marekani, na mwezi wa Septemba mwaka ule ndege ya kwanza ikachukua vijana 81. Mwaka 1960 vijana wengine wakabaki wakingoja, maana Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kulipa. Ndipo mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya waliosafiri mwaka ule alikuwamo binti wa Kikuyu aliyesoma kwa masista wa Loreto, Limuru. Alipelekwa katika chuo cha masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Ndiye Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hadi mwaka 1963 vijana karibu 800 walikuwa wamesafiri kwa mpango huo.

Lakini tazameni namna walivyobebwa. Vijijini watu walikusanyika hadharani, wakachanga shilingi kwa shilingi ili mtoto wao asiende mikono mitupu. Kila mtu alijua anachotoa, anampa nani, na kwa sababu gani. Aliyekuwa na kidogo alitoa kidogo. Hapakuwa na mtoto aliyefichwa jikoni ili alipe peke yake asichokijua. Basi tofauti haiko katika kubebwa au kutobebwa. Iko katika kuulizwa na kutoulizwa, na katika kugawana mzigo au kuutupa juu ya bega moja.

Shamba

Turudi kwa baba mwenye shamba moja. Auze, au asiuze?

Hatuwezi kumpa kila baba jibu lile lile. Lakini twaweza kumwambia maswali matatu ya kuuliza, tena ayaulize mbele ya mama na watoto wakubwa, mabinti wakiwamo, si gizani na mnunuzi. La kwanza: Lipi ni hakika? Nafasi iliyoandikwa na kutiwa mhuri ni hakika. “Tutaangalia” si hakika. La pili: Hakika hiyo ni ya muda gani? Masomo ya utabibu ni ya miaka mingi. Fedha ya shamba italipa mwaka mmoja au miwili. Na baada yake? Kijana anayesimamishwa katikati ya masomo ni kama mtu aliyeachwa katikati ya mto: hana ng’ambo hii wala hii. La tatu: Jambo likishindikana, nani atalala njaa?

Akishajibu hayo, baba ataona tofauti iliyopo kati ya kuuza mavuno na kuuza udongo. Mavuno yatarudi, udongo haurudi. Kwa ahadi isiyo hakika, mtu aweza kuuza mavuno ya mwaka mmoja, aweza kuuza mbuzi, aweza kuchukua zamu yake katika likelemba. Lakini udongo unaolisha watoto watano usiuzwe kwa neno ambalo aliyelisema mwenyewe hajui kama ni kweli. Na kama hakuna njia nyingine, kijana angoje mwaka mmoja. Twajua kwamba mwaka mmoja ni mchungu kwa kijana wa miaka 19. Hata hivyo mwaka uliochelewa waweza kukombolewa; shamba la mjane mara nyingi haliwezi.

Mwenye viti viwili

Sasa tugeuze upande wa pili. Yuko kijana mwenye bahati: amepokelewa hapa Butembo, tena angoja jibu la ng’ambo. Je, ni haki kukubali nafasi ya hapa huku moyo uko kwingine?

Twajibu: ni haki, kwa muda. Maana hakuna anayepaswa kubomoa kibanda chake kabla nyumba haijasimama. Ajiandikishe mahali palipo hakika, aseme kweli akiulizwa, aanze kusoma kwa bidii. Lakini siku atakapopata jibu jema la ng’ambo, wajibu wake wa kwanza, kabla ya kushona nguo za safari, ni kurudisha nafasi na msaada asioutumia. Nyuma ya kila kiti kuna jina la mwingine. Orodha ya wanaongoja haisogei kwa maombi ya aliye chini. Yasogea pale aliye juu anapoachia. Wapo wanaonyamaza kwa kiburi, wakipenda kuhesabiwa kwamba walipokelewa mahali pawili au patatu. Wapo wanaonyamaza kwa woga, wakisema, “Huenda mambo yakaharibika, ngoja nishikilie.” Na wapo wanaopokea misaada miwili kwa haja moja. Hao wote wamekalia kiti cha mtu wasiyemjua, na kutomjua hakuwaondolei hatia. Kama ungemwona amesimama mlangoni na kitabu mkononi, je, ungeendelea kuweka miguu juu ya kiti chake?

Mwenye kutoa

Twasema pia na wale wenye kugawa nafasi na fedha: wakuu wa vyuo, kamati za parokia, mashirika, na ndugu zetu walio ng’ambo. Kazi yenu ni njema, na maombi mnayopokea ni mengi kuliko fedha. Hilo twalijua. Lakini ahadi ni deni, na nusu ya ahadi ni deni linaloandikwa katika daftari ya mtu mwingine. Ukisema “tutaangalia,” wewe wasahau kesho yake. Nyumbani kwa kijana mtu amekwisha kukopa kwa neno lile.

Wengine husema, “Naogopa kumvunja moyo.” Kumbe “hapana” ya mwezi wa Julai, iliyosemwa kwa upole, humwachia kijana miezi ya kutafuta njia nyingine. “Labda” inayoendelea hadi Novemba humnyang’anya mwaka mzima. Mara nyingi tunayemhurumia kwa kunyamaza si yule kijana, bali ni nafsi yetu, isije ikachukiwa.

Basi mwenye kutoa na aseme mambo manne waziwazi: nani astahili kuomba, jibu litatoka siku gani, msaada ni wa miaka mingapi, na nini chaweza kuuondoa. Akishasema, afuate. Asimpitishe mpwa wake kwa mlango wa nyuma, kwa maana orodha iliyochezewa mara moja haitaaminiwa tena na mtu. Na watu wasipoiamini orodha, kila mmoja hutafuta mjomba wa kumpitisha, na maskini asiye na mjomba hubaki nje daima.

Mwenye kungoja

Neno la mwisho ni kwa kijana mwenyewe. Kungoja nako ni kazi, nayo yaweza kufanywa vizuri au vibaya. Kwanza uwekee kungoja kwako mpaka. Sema, “Nitangoja hadi tarehe fulani, ikipita, nitashika njia ya pili.” Kungoja kusiko na mwisho hula mtu kama mchwa. Pili, uwe na njia ya pili ya kweli, si ya kujidanganya: kitivo kingine chenye gharama ndogo, ufundi, au kazi ya mwaka mmoja. Fundi mwema wa umeme si daktari aliyeshindwa. Ni fundi mwema. Tatu, usikae bure. Msaidie baba katika kahawa, mfundishe mdogo wako hesabu, soma Kiingereza au Kifaransa chako. Anayekuja kuitwa mwezi wa Desemba na ameitunza akili yake ataingia darasani mbele ya wengi.

Na nne, usiipime nafsi yako kwa nafasi ya jina lako katika orodha. Orodha yasema viti ni vingapi na waombaji ni wangapi. Haisemi wewe ni mtu wa namna gani. Hilo laonekana mahali pengine: laonekana kwa binti yule anayefuata, dada yako. Kama umepata nafasi, je, walijua kwamba unasoma kwa mwaka wake yeye? Basi deni lako la kwanza, ukipata mshahara, haliko kwa mfadhili wa ng’ambo, ambaye pengine hataki kulipwa. Liko jikoni kwa mama yako. Na kama hujapata nafasi, basi wakati wa kungoja, mshike mkono dada yako, mpelekeni pamoja na baba shuleni, akaandikishwe. Nafasi yake ni hakika. Ya kwako itakuja, au itakuja nyingine. Lakini isije kwa kumfungia yeye mlango.